Kifumbu cha Hewa

Vibanio ni vinne.
Viwili vya mbele hutii kidole,
cha tatu chataka bisibisi,
cha nne kilivunjika labda gari lingali Japani;
baba alikifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli
na hadi leo umeshika.

Uani kwetu Mikindani, boneti nimeitegemeza kwa mpini wa fagio.
Staleti ya bluu, umri wake na wangu sawa:
mimi nimeolewa nikarudi,
yeye hajalala gereji hata usiku mmoja.

Baba yuko kizingitini na kikombe chake cha tangawizi.
"Usivute. Inua."
Nainua.

Makanika huliita klina. Baba huliita kifumbu cha hewa.
Liliingia jeupe mwezi wa Rajabu,
limetoka rangi ya kahawa.
Nalilaza juu ya gazeti, napekua mikunjo
kama nimsakaye mtoto chawa.
Bawa la kumbikumbi.
Ua kavu la mwarobaini.
Mchanga wa Nyali, ile Idi tuliyowapeleka watoto.
Moshi wa malori ya Jomvu, yaliyopanga foleni
hata mtu akanunua muhogo, akala, akasinzia, akaamka pale pale.
Na unga wa kijivu. Huo siulizi.

Miaka ishirini na sita baba alihesabu mifuko ya saruji
ghalani Shimanzi, leso puani.
Mwaka wa kumi wakampa barakoa.
Moja.
Akaileta nyumbani, mama akachujia tui.
Twasema hadi leo: tui la siku ile halikuwa na hata chicha.

"Usilioshe, karatasi si kanga.
Ligonge gotini, polepole, uchafu uangalie chini.
Ukilipuliza, pumzi itoke ndani ije nje.
Ukikosea walirudishia vumbi lake lenyewe..."
Kikohozi kikamkata. Nikangoja.
Kikohozi cha baba hungojwa, kama treni ikivuka njia.

Naligonga. Halitapiki tena.
Naliinua juani: mwanga haupiti.
"Pasipopita mwanga, hapapiti hewa," nasema,
ndivyo alivyonifunza.
Baba atazama, kikombe hakijafika mdomoni.
"Daktari wa Makadara aliinua picha yangu hivyo hivyo, dirishani."
"Akasema nini?"
"Akasema niache sigara."

Baba hajavuta sigara maishani mwake.

Lipya nimelinunua Mwembe Tayari, kwa Badi wa vipuri.
Alinitolea la mia tatu, laini kama karatasi ya sambusa.
Nikamwambia, hili lipe jirani yako.
Akatoa la mia nane.
"Nani akufungia, dada?"
Nikamwonyesha mikono.
Sikumuuliza kama ana na mengine,
madogo, mawili mawili, ya kuingia kifuani.
Nilitaka. Alikuwa anatafuta chenji.

Lakaa. Mpira wake wanyonya ukingo pande zote.
Kifuniko, kibanio, kibanio, bisibisi, ukanda wa tyubu.
Nawasha. Staleti yavuta pumzi
ndefu, bila kukwaruza,
na baba, bila kujua, yuavuta naye,
mabega juu,
nusu ya njia.

Ndani ya boneti kuna orodha kwa kalamu ya wino mzito:
tarehe, kilomita, tarehe, kilomita,
mwandiko wake umesimama wima kama askari wa lango,
kisha ukaanza kuinama,
kisha wangu.
Naandika ya leo.

"Lijalo lini?" auliza.
"Baada ya kilomita elfu kumi, baba."
Ahesabu kwa vidole, kimya kimya,
Mikindani hadi Makadara, Makadara hadi Mikindani,
kila Jumanne ya pili.
Aweka kikombe chini.

"Hazifiki," asema.
"Itabidi tuende mahali."